Eti "bili haisomwi, bili inalipwa"! Na mzee nimeitwa

Kitasa Kibovu:

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Mkiona herufi zimerukwa mjue ni hasira, si simu.

Nimetoka kwa wale jamaa wa umeme sasa hivi. Sina haja ya kuwataja, kila mwenye balbu nyumbani anawajua. Wale wenye madirisha saba, mhudumu mmoja, na feni inayompepea yeye peke yake.

Nilikwenda kuuliza swali moja. MOJA. Sikwenda kugoma, sikwenda kukopa. Nimepanga foleni mpaka ndevu zikaota, nikafika dirishani, nikaweka kidole kwenye mstari, nikasema kwa adabu zote nilizolelewa nazo: "Samahani, hapa pameandikwa marekebisho. Kimerekebishwa nini?"

Kijana hakuinua kichwa. Ana mfuniko wa kalamu mdomoni. Akautoa, akautazama kama vile ndio uliomuuliza swali, akasema:

"Mzee wangu, bili haisomwi. Bili inalipwa."

Akaurudisha mfuniko mdomoni.

Wakuu. WAKUU.

Foleni nzima ikacheka. Kuna bwana nyuma yangu alikuwa analalamika mgongo tangu mlango unafunguliwa, alicheka mpaka akainama akainuka mwenyewe bila kushikwa. Amepona kwa aibu yangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilisafiri siku 40. Kabla ya kuondoka nilizima swichi kuu, friji nikaiacha mlango wazi na kitambaa chini, saa ya ukutani nayo nikaitoa betri, basi tu, nimeshika kasi ya kuzima. Nyumba ilikuwa giza panya wakahama. Narudi, nakaa siku chache, naletewa bili ya yuniti 212. Mia mbili na kumi na mbili! Giza linakula yuniti ngapi kwa siku?

Bili inasema usomaji uliopita 48,098, usomaji wa sasa 48,310. Leo asubuhi nikachukua tochi nikaenda kwenye mita. Mita inasema 48,122. Rudieni hapo taratibu. Bili imetoka siku tisa zilizopita na imeshafika mahali ambapo mita yenyewe haijafika mpaka leo. Bili yangu inaishi miezi ijayo, labda inajua na nitakufa lini.

Na hapo sijashuka chini. Kuna gharama ya huduma, ambayo ipo hata usipohudumiwa. Kuna mafuta, na mimi sina gari wala jenereta. Kuna tozo, kuna kodi. Halafu chini kabisa, kwa maandishi kama miguu ya sisimizi, MAREKEBISHO, na namba. Haina alama ya kujumlisha wala ya kutoa. Ndiyo niliyoiuliza.

Lakini turudi kwenye mfuniko. Angenijibu mfuniko ukiwa mdomoni ningesema basi, yuko kazini, amechoka. Aliutoa KWANZA. Aliandaa mdomo. Ile sentensi alikuwa nayo tayari, sijui amewapa wangapi kabla yangu.

Na mzee! Nina miaka 34!

Sijalipa. Nimetoka. Mlangoni mlinzi akanishika bega, "pole mzee."

Shemeji wa Wote:

Mzee wangu, uzi hausomwi. Uzi unapitwa.

Siti ya Mbele:

Nimeshakaa. Endeleeni.

Bint Kimya:

Pole kaka. Ila "giza linakula yuniti ngapi" nimecheka mpaka bosi kaja kuangalia skrini yangu.

Mkongwe wa Jukwaa:

34? Kwenye ule uzi wako wa kuumwa magoti uliandika una 34. Uzi ule una miaka mitano.

Kitasa Kibovu:

Mkongwe, umri si mada. Mada ni mfuniko.

Fundi Koleo:

Mtoa mada, angalia pembeni ya usomaji wa sasa kama kuna herufi ndogo. Bili nyingi huweka alama kuonyesha kama namba imesomwa kwenye mita au imekadiriwa. Hakuna aliyekuja kwako. Msomaji alikuta pamefungwa, kompyuta ikachukua matumizi yako ya nyuma ikakutungia 212. Ndiyo maana bili imeitangulia mita. Piga picha ya mita, tarehe ionekane, uwapelekee usomaji halisi kwa maandishi. Usiende kuuliza kwa mdomo.

Sasa hapa ndipo watu huliwa. Kama bei yenu inapanda kwa ngazi, yuniti za mwanzo rahisi na za juu ghali, kadirio limekupandisha ngazi ambayo hukuikanyaga. Umetumia 24, wamekuandikia 212. Wakikurekebishia wasiondoe zile 188 kwa bei yoyote watakayojisikia. Wapige hesabu upya tangu ngazi ya chini, na kodi ishuke nayo, kwa sababu kodi ni asilimia ya kilichotangulia.

Gharama ya huduma hiyo haina ujanja, unalipia waya na mita kukaa pale hata ulale gizani mwaka mzima. Mafuta si ya gari lako, ni ya mitambo ya kuzalisha umeme. Yakipanda bei unasogezewa, ndiyo maana mstari ule hauko sawa kila mwezi na wewe hujabadili hata balbu. Marekebisho mara nyingi ni kosa la bili ya nyuma linasahihishwa, na linaweza kuwa wanakudai au wanakurudishia. Chukua bili ya mwezi uliopita uziweke pamoja.

Shemeji wa Wote:

Fundi ameandika katiba.

Kitasa Kibovu:

Nimeangalia. Kuna K. Miaka yote hii nilijua K ni jina la aliyesoma.

Sasa fundi, hebu ona. "K ni kadirio" ni maneno matatu. "Bili haisomwi, bili inalipwa" ni manne. Ukiweka na "mzee wangu" ni sita. Huyu kijana alikuwa na jibu la maneno matatu akachagua la maneno sita ili mradi tu anidhalilishe. Alitumia nguvu MARA MBILI!

Siti ya Mbele:

Mbona hatuambiwi mfuniko ulikuwa rangi gani.

Kitasa Kibovu:

Bluu. Umetafunwatafunwa.

Namba Nyekundu:

Wewe umekadiriwa na kompyuta, mimi nilijikadiria mwenyewe. Nilikuwa na ile mita ya zamani yenye namba zinazozunguka. Ya mwisho kulia ni nyekundu, kumbe ni sehemu ya kumi ya yuniti, haihesabiwi. Wakaniambia niwe natuma usomaji mwenyewe. Mimi nikaandika zote na nyekundu ndani, maana sikutaka kuonekana mwizi. Yuniti 90 zikawa 900. Walimtuma mtu kuja kuangalia kama nachomelea vyuma sebuleni. Akakuta televisheni na mimi.

Hakucheka. Ningependa angecheka.

Bint Kimya:

"Televisheni na mimi" 😭😭

Mpangaji Chumba cha Nyuma:

Mnajua nyie mna bahati kuona bili? Yetu anaiona mwenye nyumba peke yake, sisi tunapewa kikaratasi. Anagawa kwa vichwa. Mwezi huu mwanangu wa wiki tatu kahesabiwa kichwa kizima. Nikamuuliza huyu mtoto anatumia umeme gani? Akasema, "Si analia usiku mnawasha taa?" Balbu yenyewe ya wati 9!! Fundi niokoe.

Fundi Koleo:

Yuniti moja ni wati 1000 kwa saa moja. Balbu ya wati 9 inahitaji kama saa 111 kuimaliza.

Shemeji wa Wote:

Kwa hiyo mtoto alie siku nne na nusu bila kupumzika ndiyo afikishe yuniti moja. Mwambie aanze mazoezi.

Mpangaji Chumba cha Nyuma:

Na mwenye nyumba ana hita ya maji ya wati 3000. Anaoga akiimba, nyimbo zote mbili mpaka mwisho.

Fundi Koleo:

Hiyo inamaliza yuniti kila dakika 20 ikiwa inachemsha. Haihusiani na vichwa. Dai mita ndogo ya chumba chako, uandike usomaji mwanzo wa mwezi na mwisho wa mwezi.

Mpangaji Chumba cha Nyuma:

Nilidai. Akasema basi nimtafutie mtoto nyumba yake mwenyewe.

Kitasa Kibovu:

Poleni wote, ila mimi nimetukanwa LEO. Kidonda kibichi. Mtu amenitolea mfuniko.

Tokeni Ishirini:

Watu wa bili mnadeka. Mnalalamika taa ikiwa inawaka. Sisi wa kulipa kabla tunalalamika gizani. Tokeni, ile namba unayopewa ukinunua umeme, ni tarakimu 20, kosa moja unaanza upya, mita iko juu ya mlango kama picha ya babu, mimi juu ya stuli.

Na msinikumbushe 2024. Mita za mfumo ule duniani kote zilitakiwa kubadilishiwa ufunguo, yaani namba ya siri ya ndani, kabla ya tarehe 24 Novemba, eti zinahesabu muda tangu 1993 na hesabu inajaa. Nikapewa namba mbili za tarakimu 20 niziingize kabla ya tokeni yenyewe. Jumla 60. Mke wangu anasoma, mimi nabonyeza. Kufika ya 47 akasema, "Subiri, hii ni tatu au nane?" Tulikaa kimya siku tatu.

Mkongwe wa Jukwaa:

Tatu au nane?

Tokeni Ishirini:

Nane. Mpaka leo anasema aliniambia nane.

Bint Kimya:

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Fundi, mita yangu ina kitaa chekundu kinamulika. Nimezima kila kitu, friji nimechomoa, hata chaja, na bado kinamulika. Ni kawaida?

Fundi Koleo:

Angalia usoni mwa mita karibu na kWh (ndiyo yuniti) pameandikwa namba gani, na uniambie kinamulika kila baada ya sekunde ngapi.

Kitasa Kibovu:

Hivi kuna mtu anajua jina la msimamizi wa pale? Nataka kuandika barua. Nimeshaandika mwanzo: "Mimi ambaye si mzee."

Bint Kimya:

Pameandikwa 1000. Kinamulika kila sekunde 4, nimehesabu kwa saa.

Fundi Koleo:

Dada, mimuliko 1000 ni yuniti moja. Kila sekunde 4 ni kama wati 900. Hiyo si chaja. Hiyo ni pasi au hita ndogo, na inafanya kazi sasa hivi mahali fulani kwa hela yako.

Siti ya Mbele:

Nimesogeza siti.

Shemeji wa Wote:

Uzi umepata maana. Bint, jirani yako amevaaje leo? Amenyooka?

Bint Kimya:

Jamani huyu jirani anaenda kazini kila siku mashati yamekaa kama karatasi. Na mimi nilikuwa namsifia!

Fundi Koleo:

Usimshuku mtu kabla hujapima. Zima swichi kuu yako. Kitaa kikiendelea, kitu kimeunganishwa kati ya mita na swichi, waite wenye mita na usiguse waya. Kikizimika, kitu kimetoka kwenye waya zako za ndani.

Kitasa Kibovu:

Kwa hiyo barua yangu hakuna anayesaidia? Niandike "mfuniko" au "kifuniko"?

Mkongwe wa Jukwaa:

Mzee tulia kwanza, tunasubiri swichi.

Kitasa Kibovu:

MKONGWE!!

Bint Kimya:

Nimezima swichi kuu. Kitaa kimetulia.

Na kuna sauti imetoka upande wa pili wa ukuta: "Umeme umekatika na kwako?"

Tokeni Ishirini:

Mama yangu.

Shemeji wa Wote:

Mjibu ndiyo umekatika. Halafu kaa hivyo hivyo mpaka mashati yaanze kujikunja.

Mpangaji Chumba cha Nyuma:

Muulize kama na yeye anahesabiwa kichwa.

Bint Kimya:

Anagonga mlango. Anauliza kama nina tochi.