Mjadala: Mapenzi ya kusoma hujengwa kwa ratiba au kwa uhuru?

Mleta mada:
Wakuu, mtu asiyezoea vitabu apangiwe muda wa kusoma kila siku, apende asipende, au aachwe mpaka hamu ije yenyewe? Mimi nasimama na ratiba. Chukua msomaji wa mwendo wa pole, maneno 150 kwa dakika. Dakika 20 kila siku ni maneno 3,000, na riwaya ya maneno 45,000 inaisha kwa siku 15. Anayengoja hamu hukifungua kitabu leo, akakirudia baada ya wiki mbili akiwa amesahau nani ni nani, kisha akasema hakina ladha. Kitabu kinasingiziwa, kosa ni pengo la siku. Phillippa Lally na wenzake wa London walichunguza, katika utafiti uliotoka 2009, muda ambao tendo jipya huchukua hadi lifanyike bila kujisukuma: walikadiria siku 18 hadi 254, katikati ikiwa 66. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo usomaji ufungwe kwenye tendo ambalo tayari lipo, mathalani baada ya kupiga mswaki usiku, simu ikiwa chumba kingine. Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa darasa la tatu:
Ndugu mleta mada, hesabu nimeikubali, ila umepanga muda bila kuuliza kitabu. Ukimkalisha mtoto dakika 20 na kitabu kinachomzidi, unamfundisha kuchukia vitabu kila siku kwa saa maalumu! Kipimo ni rahisi: asome ukurasa mmoja, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho msomee wewe, yeye apewe chepesi zaidi. Watafiti Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba msomaji anahitaji kujua takriban maneno 98 katika kila 100 ili aelewe vizuri bila msaada.

Halafu tahajia ya Kiswahili huwadanganya wazazi. Silabi zetu hutamkwa kama zilivyoandikwa, hivyo aliyeshika ba-be-bi-bo-bu anaweza kuteleza ukurasa mzima kwa sauti nzuri bila kuambulia maana. Hapo mzazi anapiga makofi, na mtoto anazidi kuamini kwamba kusoma ni kutoa sauti tu. Funga kitabu, mwambie akusimulie. Usimuulize "umeelewa?", maana atajibu ndiyo. Kamusi nayo afundishwe kuitumia: "wamekutafutia" iko kwenye "tafuta", "nyuso" iko kwenye "uso", "meno" yako kwenye "jino". Asiyejua hilo hutafuta mara tatu, asipate, akaiacha kamusi moja kwa moja.

Mzazi wa watoto watatu:
Mwalimu, hayo yote yanataka mtoto aliyekubali kukaa. Asiyetaka je? Mimi naona aahidiwe zawadi kwa kila kitabu anachomaliza.

Mkutubi:
Hapo napingana nawe, ndugu yangu. Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett waliwaahidi cheti baadhi ya watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora. Wiki chache baadaye, wakati wa kucheza huru, watoto hao walichora kwa takriban nusu ya muda waliotumia wenzao. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupungua. Zawadi ya kuahidiwa pia hubadilisha uchaguzi: mtoto huchukua kitabu chembamba kuliko vyote. Anayesuasua mpe vitabu vitatu vya aina tofauti, achague mwenyewe, na awe na ruhusa ya kukitupa kimoja akifika ukurasa wa 30. Wengi hukwama kwa sababu wanaona aibu kuacha kitabu, basi wanaacha kusoma.

Mzazi wa watoto watatu:
Lakini Mkutubi, watoto hao walikuwa wanapenda kuchora tangu mwanzo. Asiye na hamu atapoteza hamu ipi?

Mhariri wa vitabu:
Hoja ya mzazi ina uzito, nami sioni kama imejibiwa. Niongeze la watu wazima, maana mapenzi ya hadithi hayamfanyi mtu asome mkataba au karatasi ya dawa vizuri. Hadithi husomwa kwa kwenda mbele; mkataba kwa kurudi nyuma, penseli mkononi, ukizungushia kila tarehe, kila kiasi na kila "isipokuwa". Anachokipata msomaji kwenye hadithi ni pumzi ya kukaa na kurasa nyingi, nayo si haba. Uchambuzi wa Delgado na wenzake wa 2018, uliokusanya tafiti 54, uliona maandishi ya maelezo hueleweka vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye skrini. Kwa hadithi tofauti haikuonekana. Riwaya isome kwenye simu ukitaka. Mkataba uchapishe.

Mleta mada:
Mwalimu na Mkutubi, nalegeza: saa ipangwe, kitabu kichaguliwe na msomaji. Ruhusa ya kuacha naikubali pia, ila cha pili kifunguliwe usiku uleule.