Kuchangishana kola za shingoni kwa vijana wetu wa mpira, mi napinga

Wadau wa Mtwara na Lindi habari zenu. Kuna hoja inazunguka kwa wazazi wa timu za vijana hapa mjini, kwamba tuchange tuwanunulie watoto zile kola za Kimarekani, Q-Collar, za kukinga ubongo mtu akigongwa kichwa.

Wengi wanadhani ile kola inashikilia shingo isitikisike. Hapana, inabana kidogo mishipa inayoshusha damu toka kichwani, damu inabaki juu kwa wingi kidogo, basi ubongo unakosa nafasi ya kucheza ndani ya fuvu, si unajua dafu lililojaa ukilitikisa halisikiki. Wazo zuri. Na FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa tiba, iliruhusu iuzwe Februari 2021 kwa wanamichezo kuanzia miaka 13, baada ya kuangalia vijana 284 wa sekondari wanaocheza ule mpira wao wa kugongana, waliovaa asilimia 77 ubongo wao kwenye picha haukuonyesha mabadiliko makubwa, wasiovaa asilimia 73 ulionyesha. Ila someni mpaka mwisho jamani, FDA haohao wakasema data hizo hazionyeshi kwamba kola inazuia mtikisiko wa ubongo. Na moja ni dola 199, kama laki tano hivi, wakati kuna watoto wanacheza peku!

Kinachonitisha zaidi ni dogo agongwe, aone kizunguzungu, halafu kocha aseme huyu kavaa kola, mwagieni maji arudi. Akigongwa tena kabla ubongo haujapona ndo balaa lenyewe.

Kocha wa Masasi: Mkuu sikubaliani. Petr Čech alivunjika fuvu Oktoba 2006 na aliporudi alivaa kofia mpaka anastaafu, sasa kipa wa Chelsea akingwe halafu mtoto wa Masasi asikingwe? Na kwenye ndondo hizi za mtaani ukimtoa straika wako dakika ya 20 sababu ya kizunguzungu, mashabiki watakutafuna mzimamzima.

Mleta mada: Kocha nakuheshimu sana, ila kofia ya Čech ilikuwa ya kulinda mfupa uliokwisha vunjika. Mtikisiko ni ubongo kuyumba ndani, na unaweza kuyumba hata kichwa hakijaguswa, mtu akipigwa kikumbo kifuani shingo ikachapwa inatosha. Hilo la mashabiki ndo hasa naling'ang'ania, sheria iandikwe kabla ndondo haijaanza. IFAB, wale wanaotunga sheria za soka duniani, toka msimu wa 2024/25 wameweka kwenye sheria kwamba mashindano yakitaka yanaruhusu sabu ya mtikisiko, aliyeumia anatoka harudi, anaingia mwingine na haihesabiwi kwenye sabu za kawaida. Straika anapumzika, timu haipungui, na haigharimu hata mia.

Na kama hela ipo kweli, watoto haohao wanaenda mechi Mikindani kwa boda, mshikaki, watatu nyuma ya dereva na hakuna hata mmoja mwenye helmeti. WHO wanasema helmeti nzuri ikivaliwa sawasawa inapunguza hatari ya kuumia ubongo mpaka asilimia 74, hiyo ndo kinga ya kuvaa ninayoiunga mkono kwa mikono miwili, na ya kola moja tu inanunua helmeti kadhaa.

Mlioko kwenye kamati za ndondo, Lindi mjini, Ruangwa, Newala, kuna mashindano yenu yoyote yameshaandika hiyo sheria ya sabu? Tupieni hapa tuione.