Kinyama cha mama hakikupimwa homoni, ni sawa?

BintiUyole
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu, miaka 61, muuza ndizi Mwanjelwa, kafanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana mwezi jana. Karatasi ya majibu ya kinyama nimeisoma mpaka mikunjo inachanika. Neno homoni halimo. Jirani yetu Mama Neema anaumwa saratani ya titi, yake imeandikwa kipokezi cha estrojeni kipo, na kila siku anameza tamoksifeni. Sasa mama ananiuliza, "Mbona mimi sipewi vile vidonge?" Maabara wameruka kipimo?

DarubiniIringa
Pole na kuuguza, dada. Hawajaruka. Kwenye titi kinachosakwa ni kipokezi, yaani protini ya seli inayopokea estrojeni, homoni ya kike, na ni kile cha aina ya alfa. Saratani hukitumia kukua, tamoksifeni inakiziba. Kwenye utumbo mpana kinachotawala ni aina ya beta, jeni yake ESR2, na kazi yake huku ni kama breki: seli zisizaliane ovyo. Uvimbe unavyokomaa, jeni hiyo husomwa kidogo zaidi na zaidi. Sasa breki imelegea yenyewe, tutaziba nini tena?

Na jeni kunyamaza si lazima iwe imekatika. Umewahi kuona daftari la mtoto lililomwagikiwa uji likakauka? Maandishi yote yamo, kurasa hazifunguki. Vibandiko vya methili, yaani vikemikali vidogo vinavyoganda juu ya DNA, hufanya hivyohivyo. Mwaka 1994 watafiti walionyesha jeni ya alfa, ESR1, inabandikwa hivyo hata kwenye utumbo wa watu wazima kabisa wa afya, kadiri umri unavyosogea.

MzeeTukuyu
Kama estrojeni ni breki, si apewe tu?

DarubiniIringa
Taratibu mzee wangu, shikamoo kwanza. Marekani walijaribu kwa wanawake 16,608 waliokoma hedhi, estrojeni pamoja na projestini, homoni nyingine ya kike. Saratani ya utumbo ilipungua kweli, ila ya titi na kiharusi vikapanda. Wakasitisha 2002. Na wale hawakuwa wagonjwa wa utumbo. Dada, wewe muulize daktari kuhusu protini zinazorekebisha makosa ya DNA kwenye kile kinyama. Hicho ndicho kipimo kinachoweza kubadili tiba ya mama.

BintiUyole
Asante sana kaka. Nimemsomea yote, ya daftari la uji kacheka mpaka kashika mshono. Jumatano tuna kliniki, swali nimeliandika nyuma ya ile karatasi.