WordPress 6.9: mbona sioni pa kuwekea vidokezo vya mhariri?

Mhariri_Msaidizi

Wanajukwaa, salaam. Ninasimamia tovuti ya jarida dogo la kilimo lenye waandishi sita, wengi wao wakiwa mikoani, na tunaiendesha kwa WordPress, programu ya kujengea na kusimamia tovuti. Kwa miaka yote masahihisho yetu yamepitia WhatsApp: ninapiga picha ya skrini, ninaizungushia sentensi duara jekundu, kisha mwandishi anarudi kwenye dashibodi kuhangaika kutafuta ni aya ipi niliyokuwa naisema. Baadhi yetu tulichoka tukaanza kuandikiana ndani ya makala yenyewe kwa herufi nyekundu. Mwezi uliopita makala ya mbolea ilichapishwa ikiwa na maneno "hii bei ni ya msimu gani? muulize tena yule muuzaji" katikati ya aya ya tatu, na ilikaa hivyo tangu asubuhi hadi adhuhuri, mpaka msomaji mmoja alipotuandikia kwa upole kwamba hata yeye angependa kujua ni ya msimu gani.

Nimesoma kwamba toleo la 6.9, lililotoka tarehe 2 Desemba 2025, limeleta vidokezo ambavyo mhariri anaviweka pembeni mwa makala bila msomaji kuviona. Tumekwisha kusasisha, na chini ya dashibodi panaonyesha 6.9, lakini nikifungua makala ninakutana na sanduku lilelile la kuandikia la siku zote. Je, kuna mahali pa kuwasha uwezo huu, au unahitaji programu-jalizi, yaani programu ndogo ya kuongezea juu ya WordPress?

FundiTovuti

Ndugu Mhariri, hilo "sanduku lilelile la siku zote" ndilo linalonipa jibu. Kihariri cha bloku, yaani kile kinachoigawa makala katika vipande (bloku) kama aya, kichwa kidogo au picha, kiliingia WordPress mwezi Desemba 2018 katika toleo la 5.0, na tovuti nyingi ziliweka programu-jalizi ya Classic Editor ili zibaki na mwonekano wa zamani. Nina hakika kubwa kwamba aliyewajengea tovuti aliiweka na hakuna aliyeikumbuka tena. Vidokezo hufanya kazi ndani ya kihariri cha bloku peke yake, kwa hiyo mnaweza kusasisha hadi mchoke na msivione.

Hamlazimiki kuiondoa. Nenda kwenye mipangilio ya uandishi: Classic Editor imeongeza hapo maswali mawili, la kwanza likihusu kihariri cha kuanzia, la pili likiuliza kama watumiaji waruhusiwe kubadilisha kihariri. Ruhusu hilo la pili. Baada ya hapo kila makala kwenye orodha itakuwa na viungo viwili vya kuihariri, na wale waliozoea njia ya zamani hawatasumbuliwa.

Ukishaingia kwenye kihariri cha bloku, bofya aya unayotaka kuizungumzia, fungua menyu ya nukta tatu kwenye upau wake wa zana, kisha chagua kuongeza kidokezo. Mwandishi anaweza kukujibu papo hapo chini ya kidokezo chako, na jambo likishamalizika mnaliwekea alama kwamba limetatuliwa. Mkitaka kulirudia, linafunguliwa upya. Hifadhi rasimu kabla ya kutoka, kwa sababu kinachokifunga kidokezo kwenye aya yake ni alama iliyo ndani ya makala, na makala isipohifadhiwa alama hiyo haibaki.

Kuna mtego mmoja ambao karibu kila mtu anaanguka nao. Makala zenu za zamani zikifunguliwa kwa kihariri kipya zitaonekana kama bloku moja kubwa, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na kwa kuwa kidokezo hushikamana na bloku nzima, si na neno wala sentensi, kidokezo chako kitakuwa kinaning'inia juu ya makala yote. Hapo utakuwa umerudi kwenye duara jekundu, tena bila duara. Bofya bloku hiyo na uchague kuigeuza iwe bloku nyingi; kila aya, kichwa kidogo na picha itajitegemea. Msigeuze makala zote kwa mkupuo, bali ile tu mnayotaka kuifanyia kazi, na muikague kwa jicho kabla ya kuihifadhi, hasa yenye majedwali. Ikiharibika, historia ya marekebisho itawarudisha mlikotoka.

Mchangiaji_wa_Pwani

Naomba nitie neno kwa upande wa sisi tunaohaririwa. Vidokezo nimevipenda, lakini havijaondoa ule utaratibu wa zamani kwamba makala hufunguliwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mhariri wangu akiwa ndani, mimi napewa onyo na kuulizwa kama nataka kuichukua makala mikononi mwake, na wiki iliyopita nilikubali kwa haraka nikamkatiza akiwa katikati ya kuandika. Sasa tumekubaliana kwamba anayemaliza anatoka kabisa, haachi kichupo kimefunguliwa huku amekwenda kunywa chai.

Jambo la pili ni ngazi za watumiaji. Mwenye ngazi ya Mchangiaji hawezi kuhariri makala yake baada ya kuchapishwa, kwa hiyo usimwekee kidokezo hapo ukitarajia akijibu.

Karani_wa_Habari

Kwa kuwa mazungumzo yamefika kwenye 6.9, nawashauri mtazame pia uwezo wa kuficha bloku, ambao kwa tovuti ya kilimo naona una faida kubwa kuliko hata vidokezo. Katika menyu ileile ya nukta tatu mnaweza kuificha, tuseme, aya ya ratiba ya kupanda mahindi msimu ukiisha. Haitatokea kabisa kwenye ukurasa wa msomaji, na mwakani mnaifunua tena bila kuiandika upya.

Ila msiifanye kabati la siri. Maandishi hayo bado yamo ndani ya makala kwenye hifadhidata, na kisanduku cha kutafutia cha WordPress husoma humo humo. Msomaji akitafuta neno lililomo kwenye aya iliyofichwa anaweza kuletewa makala, akaisoma mwanzo hadi mwisho na asilione neno lake. Namba ya simu ya chanzo chenu, kwa mfano, ifutwe, isifichwe.

Mhariri_Msaidizi

Nawashukuru nyote. FundiTovuti, ulivyosema ndivyo ilivyokuwa: Classic Editor ilikuwapo tangu kabla sijaajiriwa. Nimeruhusu ubadilishaji na nimeanza na makala moja ya ufugaji wa kuku. Ilipogeuzwa ilitoka na bloku 31, jedwali la chanjo likabaki salama, ila nafasi tupu ambazo mtangulizi wangu alikuwa akiziacha kati ya aya zimegeuka kuwa aya tupu, na nimezifuta moja baada ya nyingine.

Nimeweka vidokezo vinne, na mwandishi amejibu vitatu kwa simu yake akiwa shambani. Cha nne alikitatua kwa kuifuta aya yote niliyoilalamikia, nikakuta kidokezo changu kimebaki pembeni kikiwa hakina aya. Je, kuna njia ya kuirudisha aya hiyo peke yake bila kuigusa ile kazi nyingine nzuri aliyoifanya?

FundiTovuti

Fungua historia ya marekebisho, tafuta toleo la kabla ya kufutwa, nakili maneno ya aya hiyo, kisha uyabandike kwenye makala ya sasa bila kubonyeza kitufe cha kurejesha, kwa sababu kitufe hicho hurudisha makala nzima. Aya utakayoibandika itahesabiwa kuwa bloku mpya, kwa hiyo kidokezo cha zamani hakitajishika nayo. Andika kingine, na safari hii mweleze mwandishi kwamba ulitaka airekebishe tu.