Kaizen gani hii? Tumetoa wazo la kuokoa muda, wenzetu watatu wamepewa barua

Wakuu, nimetoka shifti ya usiku sasa hivi, sijalala, na usingizi hauji mpaka niandike hili.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha plastiki hapa Dar. Tunatengeneza ndoo, mabeseni, majagi na viti. Jina la kiwanda silitaji. Mimi ni fundi wa moldi, yale maumbo ya chuma yanayoipa plastiki sura, huu mwaka wa tisa. Nilianza kibarua wa kukata mabaki kwa kisu, nikawa opereta, nikaingia ufundi. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akaniambia naogopa mabadiliko. Mabadiliko niliyafanya mimi kwa mikono hii, na ndiyo yanayoniuma.

Mwaka juzi uongozi ulileta kaizen, ile mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi hatua kwa hatua. Akaja mkufunzi, mtu mtaratibu na anayejua kiwanda. Tulikaa naye kantini siku tatu. Akatufundisha aina saba za upotevu: kuzalisha kuliko mahitaji, kusubiri, kusafirisha vitu bila sababu, kufanya kazi isiyohitajika, kulundika stoo, mizunguko ya mwili isiyo na faida, na bidhaa mbovu. Akatuambia Wajapani upotevu wanauita "muda". Kantini nzima iliguna. Mzee wetu mmoja wa krasha, mashine ya kusaga mabaki, akasimama akasema, "Basi sisi hatuhitaji kutafsiriwa, maana hapa kinachopotea ni huohuo." Watu waliipenda kaizen, wakuu. Ukuta ukapakwa rangi, tukaandika zile S tano, yaani 5S: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, na vibarua wenyewe wakaja Jumapili kusaidia kuchora mistari ya sakafuni.

Kisha tukapewa kazi ya kupunguza muda wa kubadilisha moldi.

Kwa asiyejua: moldi ya ndoo ya lita 20 ni chuma tupu, mamia ya kilo. Ukimaliza oda ya ndoo unataka beseni, unazima mashine, unafungua mipira ya maji, unafunga mnyororo wa winchi, unalegeza bolti, unaishusha. Hapo ndipo kiama kilipokuwa kinaanza. Moldi inayofuata iko mwisho wa stoo nyuma ya marobota. Spana ya 24 kaazima mtu wa mashine namba 2. Bolti hazilingani urefu, kila moja inataka mizunguko yake. Mpira wa maji umepasuka, spea imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko kwenye chai. Saa mbili na dakika arobaini mashine imelala.

Mkufunzi alitueleza mbinu ya mhandisi wa Kijapani, Shigeo Shingo: tenganisha kazi ambayo lazima mashine iwe imezimwa na kazi inayoweza kufanyika ikiwa bado inazalisha. Ni hilo tu. Tukaenda nalo. Kijana mmoja wa timu yetu, tena mdogo kuliko wote, akabuni toroli lenye urefu sawa na kitanda cha mashine, kwa hiyo moldi inasogezwa pembeni na kusubiri kabla hatujazima. Tukaomba bolti zote ziwe za saizi moja. Tukachonga ubao wa spana wenye magurudumu, kila spana imechorewa kivuli chake, ikikosekana unaona pengo ulipo mlangoni. Mipira ya maji tukaiwekea viungio vya kubofya. Miezi miwili baadaye tulikuwa tunabadilisha kwa dakika 52.

Meneja alikuja kutupigia makofi. Tukapigwa picha. Tukapewa fulana.

Wiki tatu baada ya hapo, Jumatano, watu watatu wa timu ya watu watano wakaitwa ofisini. Barua. Sababu iliyoandikwa: "maboresho ya tija yamepunguza mahitaji ya nguvu kazi katika kitengo." Ijumaa wakatoka getini. Mmoja wao ni yule kijana wa toroli.

Nimeisoma hiyo sentensi ya barua mara nyingi kuliko ninavyosoma kitu chochote. Maboresho ni yetu. Wazo ni lake. Ndilo lililomfukuzisha.

Sasa angalieni dakika tulizookoa zilikwenda wapi. Shifti yetu ilikuwa inabadilisha moldi mara mbili. Sasa inabadilisha mara tano, na tumebaki mafundi wawili. Kubadilisha mara nyingi peke yake si kosa, hiyo ndiyo maana ya kaizen: unazalisha kidogokidogo kile mteja anachotaka badala ya kujaza stoo. Lakini kazi ya winchi inataka watu watatu, mmoja kwenye mnyororo, mmoja anaongoza chuma, mmoja kwenye bolti. Wawili mnafanyaje? Wiki iliyopita saa nane usiku moldi ya beseni iliyumba ikiwa hewani, ikapita usoni kwa mwenzangu. Kiganja kimoja kati yake na kichwa. Alikaa chini sakafuni, hakusema neno, akanyanyuka, tukaendelea kwa sababu supavaiza alikuwa amesimama na saa.

Mkufunzi alitufundisha maneno matatu, si moja. Muda ni upotevu. Mura ni kazi kwenda kwa kupanda na kushuka, leo mafuriko kesho ukame. Muri ni kumbebesha mtu au mashine kupita uwezo wake. Akasema wazi kabisa kwamba ukikata muda kwa kuongeza muri hujaboresha kitu, umehamisha tatizo kwenye mgongo wa mtu. Mameneja walikuwepo, walikaa mstari wa mbele na madaftari. Waliondoka na neno la kwanza tu.

Na kitufe. Kila mashine iliwekewa taa tatu na kitufe chekundu, opereta akiona kasoro abonyeze, mashine isimame, watu waje. Hili ndilo moyo wa mambo yote haya. Sakichi Toyoda, ambaye familia yake ndiyo iliyoanzisha Toyota, mwaka 1924 alikamilisha mashine ya kufuma inayosimama yenyewe uzi ukikatika, ili kitambaa kibovu kisiendelee kufumwa. Taiichi Ohno wa Toyota akalichukua wazo hilohilo kwenye magari, akampa mfanyakazi wa kawaida mamlaka ya kusimamisha mstari. Fikirini uzito wake: mtu wa chini kabisa anaruhusiwa kusimamisha kazi ya bosi.

Kwetu dada mmoja wa mashine namba 6 alibonyeza. Aliona sikio la ndoo, pale mkono wa kubebea unapoingia, plastiki haijajaa vizuri. Alikuwa sahihi. Mashine ilisimama dakika 11, tukarekebisha joto, tukaendelea. Asubuhi yake kwenye kikao cha shifti jina lake liliandikwa ubaoni kwa kalamu nyekundu, mbele yake "dakika 11", na akaulizwa mbele ya watu wote nani atalipia. Kesho yake kitufe cha namba 6 kilikuwa kimefunikwa kwa selotepu. Sijui aliyekifunika, na sikumuuliza mtu.

Mwezi haujaisha kasoro ileile ikarudi usiku, mashine ileile. Aliyekuwa zamu aliona. Alinieleza mwenyewe kuwa aliona. Ndoo moja kila sekunde 25, shifti nzima, zaidi ya 1,100 zikatoka na masikio mepesi. Nyingi tulizidaka, zikaenda krasha. Nyingine zilishapakiwa. Mteja wa jumla alizirudisha zimekatika masikio, na hapo ndipo watu wa ofisini walipogundua kwamba kuna tatizo la ubora. Wakatuletea fomu mpya ya kujaza.

La stoo nalipitia haraka maana hasira zinanipanda. Walisikia kulundika ni upotevu, wakashusha malighafi kutoka akiba ya wiki tatu hadi siku nne. Toyota ana wauzaji wa vipuri jirani, wanaleta mzigo mara kadhaa kwa siku. Chengachenga zetu za plastiki, ndiyo malighafi yenyewe, zinakuja kwa meli. Mzigo ulipochelewa mashine zote tisa zililala, vibarua wakaambiwa warudi nyumbani bila posho. Hiyo nayo ikaingizwa kwenye ripoti kama "kupunguza mtaji uliokaa stoo".

Najua atakuja mtu hapa kusema kaizen ni mambo ya Wajapani, Mswahili hawezi. Mkuu, usinichoshe. Wizara ya Viwanda na Biashara imekuwa ikifundisha kaizen viwandani pamoja na JICA, shirika la misaada la Japani, tangu 2013. Hospitali zetu zina mambo ya 5S miaka mingi. Sisi wenyewe tumeshusha saa mbili na dakika arobaini hadi dakika 52. Mswahili ameweza. Aliyeshindwa ni aliyekaa mstari wa mbele na daftari.

Na atakuja mwingine kusema biashara ni biashara, hata Toyota walipunguza watu. Kweli. Mwaka 1950 kampuni ilikuwa inakaribia kufilisika, wakapunguza watu, wafanyakazi wakagoma. Lakini rais wa kampuni, Kiichiro Toyoda, alijiuzulu yeye mwenyewe kubeba lawama. Kuanzia hapo ulinzi wa ajira ukawa msingi wa makubaliano, na mwaka 1962 uongozi na chama cha wafanyakazi wakatia saini tamko la pamoja la kuaminiana. Mawazo ya wafanyakazi yalianza kumiminika kwa sababu mtu alijua wazo lake halitamla yeye. Kwetu sanduku la maoni lipo mlangoni mwa kantini. Nililifungua juzi na katibu wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi. Tangu zile barua zitoke, hakuna hata karatasi moja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inasema mwajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu za uendeshaji atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu, na ashauriane na chama au wafanyakazi kabla ya kuamua. Jumatano hadi Ijumaa hakuna ushauriano hapo. Wenzetu wawili wamekwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wa tatu, kijana wa toroli, mkataba wake ulikuwa wa muda mfupi na wamemwambia hana kesi. Anaendesha bodaboda ya mtu.

Jumatatu saa nne asubuhi tawi letu linakutana na uongozi, na mimi ni mmoja wa watakaoingia. Tunataka iandikwe na kusainiwa kwamba hakuna atakayepoteza kazi kwa sababu ya wazo la kuboresha lililotoka sakafuni, kwamba mtu aliyepungua kwenye kitengo atahamishiwa kingine, na kwamba anayebonyeza kitufe kwa nia njema haulizwi dakika zake. Winchi isiguswe na watu wawili. Na kijana yule arudi.

Ninachoomba kwenu: kama uko kwenye kiwanda ambacho makubaliano ya namna hii yameingizwa kwenye mkataba wa hali bora za kazi, niandikie jinsi kifungu chenu kilivyosomeka, neno kwa neno ikiwezekana. Wanasheria mliomo humu, huyu wa mkataba mfupi kweli hana mlango? Picha ya kitufe chenye selotepu ninayo, nitaiweka mezani. Nasubiri majibu kabla ya Jumapili jioni, maana usiku huohuo naingia tena shifti.