Natafuta redio ya kuzungusha kinopu kwa ajili ya bi mkubwa, hapa Dodoma bado zinapatikana?

MwanaMpwapwa:

Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni.

Nipo hapa Dodoma mjini, Ipagala. Bi mkubwa wangu yupo kijijini upande wa Mpwapwa, kule milimani. Bro alimletea redio kutoka Dar, hizi za kisasa zenye taa za rangi, sehemu ya flashi, memori kadi, bluetooth, tochi, kila kitu kimo humo ndani ila bi mkubwa ndo ameacha kusikiliza redio.

Nieleze ilivyo maana nimekaa nayo wikendi nikaiangalia vizuri. Ukiiwasha haianzi na redio, inaanza na bluetooth, kuna sauti ya mdada inapiga kelele kwa Kiingereza usiku usiku mpaka mbuzi wanashtuka. Hapo inabidi ubonyeze kitufe chenye herufi M mpaka ufike kwenye FM. Ukifika, vile vitufe viwili vya pembeni ukibonyeza kidogo vinahamisha stesheni, ukibonyeza ukashikilia ndo vinaongeza au kupunguza sauti, yani kitufe kimoja kazi mbili na havina maandishi ya kusomeka, ni vimishale vidogo vyeusi kwenye plastiki nyeusi. Mama ana miaka zaidi ya sabini, vidole vyake vimeshikilia jembe maisha yote, anataka kuongeza sauti anajikuta kahama stesheni. Na chaji ikiisha kabisa inasahau stesheni zote, mpaka aje mtoto wa jirani amtafutie upya.

Ile yake ya zamani iliyoibiwa ilikuwa na kinopu mbili tu. Ya kushoto unazungusha inalia tak imewaka, ukiendelea sauti inapanda. Ya kulia inasogeza sindano. Na alikuwa amepaka tone la rangi ya kucha kwenye kioo pale TBC Taifa ilipo, kwa hiyo hata usiku na kibatari anapeleka sindano kwenye tone jekundu basi. Taarifa ya habari, matangazo ya vifo, utabiri wa mvua kabla ya msimu, Bunge likiwa linaendelea hapa mjini anafuatilia kuliko mimi ninayeishi karibu nalo.

Sasa naomba kujua kwa hapa Dodoma redio za namna ile bado zipo? Na nitajuaje kuwa ni nzuri maana nasikia kuna zinazofanana kwa nje tu. Natanguliza shukrani.

---

Kijana_Nkuhungu:

Mkuu mi ningekushauri umnunulie kitochi chenye redio, kinakaa na chaji siku nyingi na atakupigia simu humo humo. Ila hakikisha ni ile yenye antena ya ndani, zile nyingine bila kuchomeka earphone FM haishiki kwa sababu waya wa earphone ndo antena yake.

---

MwanaMpwapwa:

Asante mdogo wangu, kitochi anacho, tatizo spika yake ni ndogo, yeye anasikiliza akiwa jikoni au akiwa anapembua uwele uani. Na kule mlimani kitochi hakishiki vizuri, kinakoroma tu.

---

FundiRedio_Majengo:

Mkuu zipo, tena usikate tamaa. Zunguka maduka ya vifaa vya umeme karibu na soko la Majengo, na kule soko la Sabasaba pitia kwa wale wa mitumba ya vifaa, utakuta. Mimi natengeneza redio muda mrefu hapa mjini na hilo swali lako naulizwa sana, wengi ni watu wanaowanunulia wazazi.

Kwanza kwa nini kule milimani kitochi kinakoroma na hiyo redio ya kisasa nayo inasumbua. FM inatembea kwa mstari ulionyooka, mlima ukikaa katikati ya mtambo na nyumba unakula mawimbi, unabakiwa na mabaki yanayopita pembeni. Sasa hizi redio zinazojitafutia zenyewe zimewekewa kiwango, stesheni ikiwa chini ya hapo zinairuka kana kwamba haipo. Yani mashine ndo inaamua ipi ni stesheni na ipi ni kelele. Kwa mtu wa Ipagala haina shida, mawimbi ni mazito. Kwa mama yako stesheni anayoitaka ndo hiyo dhaifu inayorukwa. Kinopu hairuki kitu, unasogeza taratibu, unaisikia inaanza kuingia kwa kukoroma, unasogeza unywele mmoja, inakaa. Sikio la mtu linavumilia kelele kidogo ili lisikie habari, ile chipu haivumilii. Hapa ndo huwa nabishana na vijana dukani kwangu wanaodhani kinopu ni ushamba, kwa mtu aliye mbali na mtambo kinopu inafanya kazi ambayo kitufe hakiwezi.

Pili hiyo ya kusahau stesheni. Kwenye redio ya kuzungusha hakuna cha kusahau, stesheni ipo pale sindano ilipo, toa betri kaa mwaka mzima rudisha, itakuwa pale pale. Ndani mle kuna kondensa ya kuzungusha, vipande vinasogeleana na kuachana mkono unapozungusha, ndo inayochagua stesheni. Ni kitu cha kushika kwa mkono, umeme hauhusiki na kukumbuka.

Tatu betri. Hizo za kisasa nyingi zinatumia betri ya simu, ile ile BL-5C ya Nokia za zamani, halisi ni kama mAh 1000 hivi (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) na nyingi za madukani sio halisi hata hazifiki. Halafu kuna taa zinawaka muda wote, bluetooth, kioo. Betri mbili kubwa zile za D hata za zinki za bei ya chini zina mAh elfu kadhaa kila moja, na redio ya kawaida kwa sauti ya chini inakula kidogo sana. Mama akisikiliza asubuhi na jioni zinamfikisha mbali. Na betri kubwa haifi ghafla, sauti inaanza kupungua anajua mapema atume mtoto dukani.

Sasa ujanja wa kuchagua, ngoja nikupe maana hapa wengi wanapigwa. Siku hizi kuna redio zina kinopu na sindano kwa nje ila ndani ni chipu. Zungusha taratibu sana ukiwa dukani, kama stesheni inaingia ghafla tap, halafu ukisogeza inakatika ghafla, hiyo ni chipu. Kama inaingia polepole na kutoka polepole na kelele zake, hiyo ni ya kondensa. Sisemi ya chipu ni mbaya, hata yenyewe sindano inabaki ilipo na baadhi zinashika vizuri tu, ila kwa kijiji cha nyuma ya mlima mimi ningetafuta ya kondensa.

---

Mama_Zabibu:

Fundi umeongea jambo limenigusa. Baba yangu mzazi yupo Kondoa, macho yameondoka kabisa, hii kitu ya kinopu kwake ndo uhuru wake. Anaigusa redio anajua imewashwa au imezimwa kwa sababu kinopu ipo mahali fulani, anajua sauti iko wapi kabla hajaiwasha. Tukamletea ya kugusa gusa kioo, sasa mtu asiyeona anagusaje kioo kilicho laini kote? Akawa anakaa kimya na redio iko mezani mpaka mjukuu atoke shule. Mzee aliyekuwa anatuamsha na taarifa ya saa kumi na mbili asubuhi! Niliumia sana jamani. Tukamtafutia ya kuzungusha, siku hiyo hiyo akaishika mwenyewe.

Na sio redio tu. Hata feni. Nina feni ya zamani ya kubonyeza ile kinopu inabaki chini, umeme ukikatika usiku ukirudi inaendelea yenyewe. Niliyonunua juzi ni ya kugusa ina rimoti, umeme ukirudi inalia tii inabaki imezima, unaamka umelowa jasho saa nane unatafuta rimoti gizani, na joto la Dodoma la mwezi wa kumi na moja mnalijua. Wanaotengeneza hivi vitu wangefikiria watu wanaokatikiwa umeme.

MwanaMpwapwa mtafutie mama, usichelewe.

---

Mwalimu_Kikuyu:

Habari zenu wanangu. Mimi ni mtu mzima, nimezitumia hizo redio tangu enzi za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), naomba niweke upande wa pili ili kijana anunue akijua.

Wakati ule kinopu ilitosha kwa sababu stesheni zilikuwa chache. Kulikuwa na Idhaa ya Taifa, Idhaa ya Biashara, na ile ya nje, na redio za watu binafsi zikaja miaka ya 90. Ukipeleka sindano mahali umefika. Leo hapa mjini FM imebanana, ukizungusha kidogo tu umeingia kwa jirani, unataka mpira unapata mahubiri. Kwa mtu wa mjini ile namba ya kioo inasaidia kweli, unaweka namba unayoijua umemaliza.

Halafu redio za zamani zilikuwa na maradhi yake. Ile kamba ya ndani inayovuta sindano ikikatika, unazungusha weee sindano imesimama. Betri zikivuja maji yake yanakula springi. Masafa mafupi usiku yanakuja na kuondoka, mtangazaji anapotelea katikati ya sentensi. Lakini nakubaliana na fundi kwenye jambo kubwa: haya maradhi yote yalikuwa yanatibika pale pale kijijini. Kamba tulikuwa tunafunga ya nailoni. Springi tunakwangua na msasa. Hii ya kisasa ikifa bodi imekufa, unaambiwa nunua nyingine, na mama yako kule Mpwapwa nauli ya kuja mjini kutafuta nyingine ni hela ya mbegu.

---

MwanaMpwapwa:

Mwalimu shikamoo, asante sana. Fundi ubarikiwe, Mama Zabibu pole kwa mzee na hongera kwa kumtafutia.

Maswali mawili ya mwisho. Ninunue yenye AM pia au FM peke yake inatosha? Na pale nyumbani kuna sola ndogo ya taa, bi mkubwa ile redio yake ya zamani alikuwa anasema tangu sola ifungwe inanguruma, hiyo inasababishwa na nini?

---

FundiRedio_Majengo:

Mwalimu yuko sahihi kabisa kuhusu mjini, na hiyo kamba ya nailoni hata leo ndo ninayofunga.

AM chukua ikiwepo ila usinunue kwa ajili yake. Stesheni za masafa ya kati zimepungua sana, nyingi zimehamia FM. Faida yake ni kwamba mawimbi yake ni marefu, yanalala na ardhi, mlima hauyazuii kama FM, na usiku yanarudishwa na anga la juu ndo maana giza likiingia unashika stesheni za mbali ambazo mchana hazipo. Akitumia AM asihangaike na mkonga, yani ile antena ya kuvuta, antena ya AM ni ile fimbo nyeusi iliyozungushiwa waya ndani ya redio, kwa hiyo anageuza redio yenyewe, aielekeze huku na huku mpaka sauti ije. Kuna upande mmoja haitashika kabisa, asidhani imeharibika.

Kwa FM avute mkonga wote, ukiwa na karibu sentimita 75 ndo unashika vizuri zaidi. Ukiwa mfupi, funga waya mwembamba kwenye ncha yake utoe dirishani upande ambao hakuna mlima, kwa hiyo FM yake itapona kwa kiasi kikubwa.

Ngurumo ya sola ni kweli ipo. Kile kiboksi cha kuchajia betri na hizi balbu za LED za bei rahisi, hata chaja za simu, vinarusha kelele na AM inazidaka. Nadhani alikuwa anasikiliza AM hapo. Asiweke redio juu ya kile kiboksi wala meza moja nacho, apeleke upande mwingine wa nyumba au atoke nayo uani. Azime taa moja moja asikilize, ile balbu inayoleta kelele atajua mwenyewe na unambadilishia.

Ukienda dukani nenda na betri zako mpya mbili, usikubali kujaribiwa kwa waya wa umeme peke yake. Fungua mfuniko wa betri uangalie springi isiwe na kutu ya kijani. Zungusha kinopu ya sauti mwanzo mpaka mwisho, ikikwaruza sio ugonjwa mkubwa, tone la spirit linasafisha, omba punguzo. Zungusha ya stesheni, sindano iende mpaka mwisho bila kukwama. Ukishindwa kuelewa ilete kwangu uulizie fundi redio pale nyuma ya soko, nitaifungua uione ndani, sikutozi kuangalia.

---

MwanaMpwapwa:

Nimekupata fundi. Jumamosi nashuka Majengo, bi mkubwa nimeshampigia nimwambie aandae rangi ya kucha, kaniuliza tena kama itakuwa na ile tak.