Tupeane uzoefu: refa wa mchangani usiyemsahau

Namba Sita: Wakuu, jana nimemnunulia mwanangu filimbi ya plastiki. Kaipuliza mara moja tu sebuleni, nikamkumbuka mzee wetu wa Muheza. Magoli ya milingoti ya mkonge, mistari ya majivu, yeye na bukta yake ya kaki. Halipwi hata nauli, akipewa chungwa wakati wa mapumziko anasema inatosha. Punje ya ndani ya filimbi yake ilishapotea, akaweka kunde. Sasa mvua ikinyesha kunde inavimba, filimbi inakuwa bubu, mzee anachezesha kwa mdomo: "Prrrii! Wewe, faulo!" Nani mwingine kalelewa na refa wa namna hii?

Winga Teleza: Kwetu Tandika hatukuwa na kunde, ila mzee ni huyohuyo.

Muuza Kashata: Haanzishi mechi mpaka watoto wote watoke kwenye mstari. Nilikuwa nauza vizuri sana hapo.

Kipa Mstaafu: Kunde hiyo naijua, ilinikosesha mbuzi. 1993, fainali, tunaongoza moja bila, jua linazama. Beki wangu kanirudishia mpira kwa mguu, nikaudaka kama nilivyodaka siku zote. Mzee akapuliza, akanyoosha mkono juu. Tukadhani anamsalimia mtu. Kumbe sheria ilishabadilika tangu 1992, kipa hadaki tena pasi ya mguu ya mwenzake. Yeye kaisikia redioni, na kijiji kizima hakuna mwingine aliyeisikia.

Akahesabu hatua sita kutoka golini, akaweka mpira. Tukajipanga wote kumi na mmoja juu ya mstari. Jamaa akagusa, mwenzake akafumua, ukapita katikati ya miguu yangu. Moja moja. Hapohapo adhana ya magharibi, na kwetu adhana ndiyo filimbi ya mwisho. Watu wakavamia uwanja, mimi nikiwa wa mbele kabisa. Sikumpiga. Nilimpokonya filimbi nikaitupa kwenye shamba la mkonge.

Asubuhi naenda kuchota maji, namkuta kainama kati ya mistari ya mkonge, mikono imechanwachanwa na miiba. Shikamoo yenyewe ilinikwama. Akasema, "Pita upande ule, wewe ndiye unayejua ulikoitupia." Tukaipata saa nne. Kunde haimo.

Beki Kulia: Na mbuzi je?

Kipa Mstaafu: Alikata kamba kwenye vurugu.

Beki Kulia: Mbuzi wa zawadi akate kamba mwenyewe? Kamati ilimla huyo.

Muuza Kashata: Kamati haikumla. Nyumba fulani jirani na kisima ilinukia pilau Jumatatu, siku ya kazi. Naishia hapo.

Namba Sita: Jamani tunamkumbuka refa, si mbuzi.

Kimanumanu: Msimpambe sana. Mzee alikuwa Coastal Union damu, na Tanga timu ni mbili. Sisi wa African Sports alitunyonga waziwazi.

Namba Sita: Acha hizo mgosi. 1988 Coastal wamechukua ubingwa, mtaa mzima unacheza ngoma, yeye kamtoa nje nahodha wetu kwa kumtukana mshika kibendera. Na nahodha alikuwa Coastal kuliko yeye!

Kimanumanu: Mshika kibendera alikuwa shemeji yake.

Winga Teleza: Swali la sheria: angedaka mpira wa kichwa?

Kipa Mstaafu: Kichwa au kifua ruksa. Alinifundisha mwenyewe, tukitafuta filimbi.

Mgeni Jukwaani: Wakubwa, Jumapili nimebebeshwa filimbi mechi ya mtaa na mtaa. Naanzaje?

Beki Kulia: Toa kadi dakika ya tano, watakuheshimu.

Winga Teleza: Usitoe kadi kabisa! Mwombe nahodha akutolee mtu wake kimyakimya.

Muuza Kashata: Bodaboda yako ikae imewashwa nyuma ya goli.

Kimanumanu: Ukikimbia umekiri. Tembea.

Beki Kulia: Na zawadi ikiwa mbuzi, mfunge kamba mbili.

Namba Sita: Kipa, ile filimbi iko kwa nani siku hizi?

Kipa Mstaafu: Kwa mjane wake. Anafukuzia ngedere kwenye mahindi. Anasema wanakimbia kuliko tulivyokimbia sisi.